Fungate si ya maharusi peke yao

 

Ndugu wasomaji, si siku nyingi zilizopita tulihudhuria harusi hapa Mombasa. Ukumbi ulikodiwa kwa fedha nyingi, wapishi wa biriani walikuwa wanne, na wapiga picha walikuwa wengi kuliko mashahidi wa nikahi. Nikahi ilifungwa Ijumaa baada ya Alasiri, karamu ikafanyika Jumamosi, na Jumatatu asubuhi tukakutana na bwana harusi yuleyule katika foleni ya feri ya Likoni, shati limepigwa pasi, anakwenda kazini. Tulipomuuliza habari ya fungate yake alicheka, akasema: "Fungate zilikuwa za wazee wetu, ustadh. Mimi nimepewa ruhusa ya siku moja."

Jibu lile ndilo lililotufanya tushike kalamu. Neno fungate ni la kale katika lugha yetu, na maana yake ni siku saba. Katika miji ya Waswahili, na hasa Lamu, bwana harusi alikuwa akiingia nyumbani kwa bibi harusi, na kwa siku saba hakushughulishwa na duka wala bahari. Chakula kililetwa, maji yalitekwa na wengine, udi ulifukizwa, na wawili wale hawakuwa na kazi nyingine isipokuwa kujuana. Wazee wetu hawakuwa wavivu. Walijua kwamba watu wawili waliolelewa katika nyumba mbili hawawezi kuwa nyumba moja kwa pupa, na wakaitenga wiki nzima kwa ajili hiyo, tena katika zama ambazo siku moja bila kazi ilikuwa siku moja bila riziki.

Lakini makala yetu ya leo haiwahusu maharusi, ambao angalau wamebakiwa na picha. Inawahusu wale waliooana miaka kumi, ishirini au thelathini iliyopita, ambao fungate yao imekwisha kusahauliwa hata na wao wenyewe. Tunasema kwamba hao ndio wenye haja kubwa zaidi ya fungate. Na tunasema bila kuona haya kwamba mume wa Kiislamu mwenye uwezo, hata uwezo mdogo wa kudunduliza, amchukue mkewe siku tatu au nne, wao wawili tu, waende mahali ambapo hakuna anayewaharakisha. Sisi tungemshauri aende kisiwani Lamu, na sababu zetu tutazieleza.

Tunajua kuwa wako watakaokunja nyuso. Mapumziko ya kimapenzi kisiwani! Haya si mambo ya watalii? Ni kweli kwamba picha tulizozoea kuziona katika mabango ni za mwanamume na mwanamke wa kigeni wakitembea mchangani hali ya kuwa wamevaa nguo chache mno. Lakini mchanga huo ni wa nani, ndugu msomaji? Bahari hiyo ni ya nani? Imekuwaje watu waliozaliwa ufukweni waamini kwamba ufuko una wenyewe, na wenyewe hao wanatoka ng'ambo?

Tuirejee sira ya Bwana Mtume (S.A.W.), kwani yeye ndiye ruwaza yetu njema. Alipokuwa akisafiri alikuwa akipiga kura baina ya wake zake, na yule ambaye kura imemwangukia ndiye aliyefuatana naye. (Wenye wake zaidi ya mmoja na waikumbuke kura hiyo kabla ya kukata tiketi.) Katika riwaya ya Bukhari na Muslim tunasoma kwamba usiku ulipoingia safarini alikuwa akienda pamoja na Bibi Aisha (R.A.) huku akizungumza naye. Tulitafakari jambo hili dogo. Kiongozi wa umma, mwenye jeshi, wajumbe na wahyi, anayatenga masaa ya usiku njiani kwa ajili ya mazungumzo na mkewe.

Abu Daud na Ahmad wamepokea kisa cha mashindano ya mbio. Bwana Mtume aliwaamuru watu watangulie mbele, na walipokwisha kutangulia akamwita Bibi Aisha washindane. Bibi Aisha akashinda. Miaka ikapita, mwili wa Bibi Aisha ukanenepa, wakashindana tena katika safari nyingine, na safari hii Bwana Mtume ndiye aliyeshinda, akamtania kwamba hiyo ni kwa ile ya kwanza. Wahadhiri wengi hukisimulia kisa hiki ili watu wacheke. Sisi tunaomba kiangaliwe kile kipande cha mwanzo: aliwaamuru watu watangulie. Aliwaondoa watu. Alitafuta faragha katikati ya msafara.

Na iko habari ya Anjasha, mwongoza ngamia mwenye sauti nzuri, ambaye alipoimba ngamia walikazana mwendo. Wanawake walikuwa juu ya ngamia wale. Bwana Mtume (S.A.W.) akamtaka Anjasha aende taratibu, akawafananisha wale wanawake na vyombo vya kioo. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na wanazuoni wameifasiri kwa njia zaidi ya moja, lakini hakuna aliyekana kwamba mwendo ulipunguzwa kwa ajili ya wanawake. Wangapi miongoni mwetu tumewahi kupunguza mwendo wa jambo lolote kwa ajili ya wake zetu? Sisi waume wa mjini tunatembea hatua kumi mbele yao hata tukienda nao sokoni.

Sasa tuje Lamu. Mji huu umekaliwa bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700, na mwaka 2001 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliutia katika orodha ya urithi wa dunia. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kungoja. Gari halipiti humo. Pikipiki zimekwisha kuonekana kisiwani miaka ya karibuni na zimezua mabishano makubwa, lakini ndani ya Mji wa Kale anayebeba mzigo bado ni punda, na wako punda wengi hata pakafunguliwa hospitali yao tangu miaka ya 1980. Mahali pa namna hiyo hapana budi mtu atembee kwa miguu, na anayetembea kwa miguu na mkewe katika kichochoro chembamba hawezi kuwa hatua kumi mbele yake. Kuta zenyewe zinawakaribisha.

Kinachotawala mwendo wa kisiwa kile, hata hivyo, ni maji. Maji hujaa kwa muda wa saa sita hivi na kupwa kwa muda kama huo, na kila chombo, kila mvuvi na kila safari ya kwenda Manda au Matondoni hufuata saa hiyo. Mtu anayetoka Mombasa, aliyezoea kwamba akilipa anaondoka, atashangaa kuambiwa na nahodha kwamba fedha zake ni nzuri lakini maji hayajafika.

Na juu ya hayo yote ni mji wa Waislamu. Mke aliyevaa buibui hatajihisi mgeni wala hatakodolewa macho, kwa sababu wenyeji wake nao wamevaa buibui. Chakula ni halali pasipo kuuliza. Adhana ya Alfajiri inatoka pande zote kwa wakati mmoja, na mwenye kutaka kuswali katika Masjid Riyadha, msikiti unaonasibishwa na Habib Swaleh ambao umeifanya Lamu ijulikane kwa maulidi yake kote Afrika Mashariki, anafika kwa miguu. Jioni wanauza vikuba vya asmini na rehani, na mume anaweza kununua kimoja kwa bei ambayo haimzidi masikini yeyote. Tunalisema hili kwa sababu wako wanaodhani mapenzi ni jambo la gharama.

Ndugu wasomaji, tusingeandika haya kama tusingeyajaribu wenyewe. Mwaka jana tulitimiza miaka 22 ya ndoa. Watoto wetu wakubwa wawili walikwisha kuondoka nyumbani, na mdogo tulimpeleka kwa shangazi yake. Haya tunayoyasimulia tunayaandika kwa idhini ya mwenzetu, ambaye ameyasoma kabla ya mhariri na kufuta sentensi mbili.

Siku ya kwanza ilikuwa ya aibu. Tulifika kwa basi mpaka Mokowe, tukavuka kwa boti, tukapanda ngazi za nyumba ya wageni, moja ya zile nyumba za kale zenye kuta nene za matumbawe na vidaka vya chokaa ukutani, tukakaa barazani juu ya paa tukitazama bahari. Na hatukuwa na la kusema. Tulizungumza juu ya ada ya shule. Tulizungumza juu ya bomba la maji linalovuja jikoni. Yalipokwisha hayo tukanyamaza, na sisi tunaoandika tukatoa simu mfukoni. Mwenzetu akatazama pembeni. Miaka 22, na bila ya watoto baina yetu tulikuwa kama abiria wawili waliokaa kiti kimoja.

Tunaamini kwamba wengi wanaosoma hapa wanaifahamu hali hiyo. Hakuna ugomvi, nyumba ni ya amani, jirani wanaisifu. Lakini ile mawadda na rehema iliyotajwa katika Suratu Rum, aya ya 21, imegeuka kuwa ratiba: nani atakwenda benki, nani atakwenda hospitali, nani atampokea mgeni. Mwenyezi Mungu ameitaja ndoa hapo miongoni mwa ishara zake, na ameanza na utulivu. Kutulia si kunyamaza tu.

Siku ya pili tulikwenda Shela kwa miguu, kama kilomita tatu kutoka mjini, kwa njia ya pwani, maji yakiwa yamepwa. Baada ya Shela mchanga unaendelea kwa zaidi ya kilomita kumi, na asubuhi ile hapakuwa na mtu isipokuwa mvuvi mmoja na mbwa wake. Vichuguu vile vya mchanga, tuseme kwa kupitia tu, ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanayonywewa na mji mzima, kwa hiyo anayetupa taka pale anatupa kisimani. Tulikuwa tumekwisha kutembea muda mrefu bila neno, mwenzetu akasema: "Sikujua kama bado unaweza kutembea pole pole." Hakukusudia kusifu wala kulaumu, na hatukupata la kumjibu. Lakini tuliporudi tulikuwa tunazungumza, na hayakuwa mambo ya bomba.

Siku ya tatu ndiyo tunayotaka kuikalia kidogo. Tulikodi mashua kwenda Takwa, magofu ya mji wa kale ulioko kisiwa cha Manda, mji uliositawi katika karne ya 15 na ya 16 na kuhamwa karne ya 17. Uko msikiti wake wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kaburi lenye nguzo ndefu ambalo watu wa Shela wamekuwa wakiliendea kuomba dua. Njia ya kufika ni mkono wa bahari uliopita katikati ya mikoko, nao hupitika maji yakijaa tu. Nahodha alitutahadharisha saa ya kurudi. Sisi tulikawia. Tuliswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama msafiri alivyoruhusiwa, tukatembea baina ya mibuyu, na tuliporejea mashuani maji yalikuwa yamekwisha kuondoka. Chombo kililala ubavu juu ya tope. Nahodha alitazama, akatabasamu, akasema ni siku za bamvua, maji yanakwenda mbali na yatarudi baada ya saa nne au tano. Kisha akatandika kikoi chake chini ya mkoko akalala.

Simu hazikushika mtandao. Chakula kilikuwa mahamri matatu na chupa ya chai. Na katika saa zile nne, mwenzetu alilitaja jambo ambalo hatukulitaja kwa miaka 13.

Katika mahari yake alipewa bangili nne za dhahabu. Mwaka wa tisa wa ndoa yetu biashara iliyumba, tukamwomba tuziuze ili tulipe kodi ya duka, na tukamwahidi kuzirudisha baada ya Ramadhani. Alizivua mwenyewe kwa mkono wake. Biashara ikasimama tena, alhamdulillahi. Ramadhani ile ikapita, na nyingine, na nyingine. Sisi tulijiambia kwamba amesahau, kisha tukajiambia kwamba amesamehe, na mwisho tukasahau sisi. Pale juu ya tope alisema bila ukali: "Sikuililia dhahabu. Nililia kwamba hukuniuliza tena."

Lau maneno yale angeyasema nyumbani, tungelikuwa na pa kukimbilia: dukani, msikitini, kwa mgeni aliyebisha hodi. Hapana shaka ndivyo tulivyofanya miaka yote ile. Pale hapakuwa na pa kukimbilia, mikoko pande zote na tope la magoti. Ikabidi tukae tusikie.

Kila mwalimu wa madrasa anajua kwamba mahari ni mali ya mke. Suratu Nisaa, aya ya 4, imemruhusu mume kula katika mahari hayo kile tu ambacho mke amekitoa kwa radhi ya nafsi yake. Mwenzetu hakutoa, alikopesha. Basi sisi tuliokuwa tukiandika katika kurasa kama hizi juu ya haki za mke tulikuwa na deni la mke miaka 13 chini ya paa moja. Mpaka leo tumekwisha kununua bangili mbili. Mbili zimebaki, na tarehe yake imeandikwa.

Tutaulizwa: je, ilikuwa lazima kwenda Lamu ili kulijua hilo? Hapana. Lakini hatukulijua Mombasa.

Tuje kwenye pingamizi. La kwanza ni israfu, na ni pingamizi la haki, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hawapendi wafujaji. Tunajibu kwamba familia zinazotumia akiba ya miaka miwili kwa ukumbi wa usiku mmoja hazina haki ya kuiita safari ya siku tatu israfu. Anayedaiwa alipe deni kwanza. Asiyekuwa na nauli asikope. Lakini mwenye mshahara na kibubu, akatia kidogo kidogo tangu Mfungo Mosi mpaka Rajabu, anaweza kwenda kwa basi, akakaa nyumba ya wageni ya kawaida wakati usiokuwa wa likizo, akala samaki na mkate wa mofa kwenye migahawa ya wenyeji, na asihisi pengo katika unga wa watoto. Si lazima hoteli yenye bwawa la kuogelea. Mke wa Kiswahili hana haja ya bwawa pembeni ya bahari.

Pingamizi la pili ni watu watasemaje. Wazee wazima, wana wajukuu, wanakwenda kustarehe! Katika Bukhari imo habari ya Salman (R.A.) alipomzuru Abu Dardai (R.A.) akamkuta mkewe hakujipamba, kwa sababu mumewe alikuwa amezama katika funga na swala za usiku asimtazame. Salman alimkumbusha Abu Dardai kwamba mke naye ana haki juu yake, na Bwana Mtume (S.A.W.) akamsadikisha Salman. Ikiwa ibada ya sunna haikuwa udhuru wa kumsahau mke, maneno ya barazani yatakuwa udhuru gani?

Wako pia wanaosubiri kustaafu. Tunamfahamu mzee mmoja aliyemwahidi mkewe safari kama hii kwa miaka mingi. Fedha zilipopatikana, magoti ya mke yalikuwa yamekwisha kuharibika. Nyumba za Lamu zina ngazi ndefu zilizosimama, na mwenye kushuka mashuani mara nyingine hana budi kukanyaga maji. Walikwenda siku moja, wakakaa katika mkahawa wa chini ukingoni mwa bahari, wakarudi. Mzee huyo hulisimulia jambo hili kwa mzaha, na sisi hatujawahi kumwona mkewe akicheka.

Ama usalama, hatumfichi msomaji. Mwaka 2011 wageni walitekwa nyara katika visiwa vile, na Juni 2014 mashambulizi ya Mpeketoni, upande wa bara, yaliua watu zaidi ya 60. Watalii walikimbia, nyumba za wageni zikafungwa, na waliopata hasara kubwa walikuwa mabaharia na mama wauza viazi karai. Barabara ya kutoka Garsen, iliyokuwa ya vumbi na matope, imetiwa lami, na vikosi vya usalama huikagua. Msafiri aulize hali kabla ya kuondoka, asafiri mchana, afuate maelekezo ya askari wa njiani, na akipenda kuruka, ndege hutua Manda ambako boti hukuvusha kwa dakika chache. Katika boti adai jaketi la kujiokolea, na asione haya kumvalisha mkewe.

Tuna maneno machache ya ukali kwa waume wenzetu. Tumesikia habari za mume aliyekodi nyumba yenye jiko, akabeba mchele, mafuta na viungo kutoka nyumbani, na mkewe akapika siku tatu mfululizo huku akitazama bahari kupitia dirisha la jikoni. Huko si kusafiri, huko ni kulihamisha jiko. Mwingine alimwacha mkewe chumbani akaenda kutafuna miraa na marafiki aliowapata gatini mpaka usiku wa manane. Na wako wanaomchukua mama mzazi na dada wawili kwa nia njema kabisa. Mama ana haki kubwa kuliko mke, hilo halina mjadala, naye afanyiwe safari yake. Lakini safari hii ni ya wawili.

Kwa wake tunasema: msingoje kualikwa. Mwanamke anayeweza kuweka mchezo wa kila mwezi na wenzake akanunua sofa, anaweza kuweka mchezo akanunua tiketi mbili, na sioni mume atakayekataa akiona imekwisha kukatwa.

Kwa wale watakaokwenda, mtawakuta wenyeji wakarimu lakini wenye stara yao, kwa hiyo msiwapige picha kina mama bila idhini, na mlioana mshikane mikono kwa adabu. Aprili na Mei mvua ni nyingi na nafuu ni kubwa. Juni hadi Agosti upepo wa kusi una nguvu na bahari huchafuka. Sisi tungechagua Oktoba au Novemba, baina ya kusi na kaskazi, bahari inapokuwa shwari. Mkitaka kuswali kwa kupunguza, kumbukeni kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi anayenuia kukaa siku nne kamili, ukiacha ya kuingia na ya kutoka, amekwisha kuwa mkaazi. Siku tatu zinatosha kwa mwanzo.

Na mkienda Takwa, mwulizeni nahodha saa ya maji kupwa kabla hamjashuka mashuani. Akiwaambia ni siku za bamvua, bebeni mahamri ya kutosha.